Kutathmini Hoja Katika Insha: Mitandao ya Kijamii Kama Zana ya Kujifunzia kwa Wanafunzi wa Shule za Msingi

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtahiniwa uweze:
(a) kutofautisha swali la "tathmini" na swali la "eleza" au "jadili";
(b) kupima faida na hasara za mitandao ya kijamii kwa mtoto wa shule ya msingi kwa kutumia vigezo;
(c) kuandika insha ya hoja yenye msimamo unaoeleweka.

Swali la mfano

*Tathmini mitandao ya kijamii kama zana ya kujifunzia kwa wanafunzi wa shule za msingi nchini Tanzania. Andika insha yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300.*

1. Kulielewa swali

Kabla hujagusa kalamu, pigia mstari maneno matatu katika swali hili: *tathmini*, *zana ya kujifunzia* na *shule za msingi*. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kuruka mojawapo.

*Eleza* ni kutoa habari za jambo. *Jadili* ni kuonesha pande zake mbalimbali kwa hoja. *Tathmini* ni kukadiria thamani ya jambo, kisha kutoa hukumu: lina manufaa kiasi gani, kwa nani na kwa masharti gani? Ukiandika faida tatu na hasara tatu ukaishia hapo, umefanya kazi ya karani wa mizani aliyepima gunia akasahau kusoma kilo. Msahihishaji anataka hizo kilo.

*Zana ya kujifunzia* maana yake swali halikuulizi kuhusu biashara za mtandaoni, siasa wala burudani. Kila hoja irudi kwenye kujifunza. Na *shule za msingi* maana yake unamzungumzia mtoto anayejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, na wadogo zake na kaka zake wanaofuatana naye hadi mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Hujaulizwa kuhusu wewe uliye kidato cha nne, wala mwanachuo.

2. Maarifa ya msingi

*Intaneti* ni mfumo unaounganisha kompyuta na simu duniani kote. *Mitandao ya kijamii* ni huduma zinazotumia intaneti ili watu watumiane na kujadili maandishi, sauti, picha na video. WhatsApp, Facebook, Instagram, TikTok na YouTube ni mifano. Redio na televisheni ni vyombo vya habari, si mitandao ya kijamii, ingawa siku hizi vipindi vyake huwekwa pia kwenye mitandao hiyo.

Tofauti hii ina uzito katika insha yako. Chukua mfano wa *Ubongo Kids*, katuni iliyotengenezwa hapa Tanzania na kuanza kurushwa kwenye televisheni mwaka 2014, inayofundisha watoto hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Kipindi hicho kinapatikana pia YouTube. Mtahiniwa akiandika kwamba "YouTube inafundisha hesabu," amekosea kidogo: kinachofundisha ni kipindi kilichoandaliwa na watu wanaojua watoto. YouTube ni njia ya kukifikisha, na njia hiyohiyo hupitisha pia mambo ambayo hungependa mdogo wako ayaone.

Mambo mengine ya kweli unayoweza kuyatumia:

- Shule za Tanzania zilifungwa Machi 2020 kutokana na UVIKO-19, na shule za msingi zilifunguliwa tena mwishoni mwa Juni mwaka huo. Katika kipindi hicho masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, na baadhi ya walimu walituma mazoezi kupitia makundi ya WhatsApp ya wazazi.
- Facebook, Instagram na TikTok haziruhusu mtu mwenye umri chini ya miaka 13 kufungua akaunti ya kawaida.
- Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Tanzania ina pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.
- Bunge la Australia lilipitisha sheria mwaka 2024 inayozuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Ukiutumia mfano huu, kumbuka kusema ni wa Australia. Usiuandike kana kwamba ni sheria yetu.
- Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu hali ya elimu duniani ilisisitiza kwamba teknolojia imsaidie mwalimu, isichukue nafasi yake.

Huhitaji kuyatumia yote. Mawili au matatu yaliyowekwa mahali pake yanatosha.

3. Vigezo vya kutathmini

Huwezi kupima bila kipimo. Kwa swali hili tumia vigezo vitatu, kila kimoja kikiwa katika umbo la swali.

*Kigezo cha kwanza: Je, mtoto anajifunza kweli?*
Video huonesha yale ambayo ubao hauwezi: moyo ukisukuma damu, mbegu ikiota, mwezi ukizunguka dunia. Hiyo ni faida kubwa, hasa kwa shule isiyo na maabara wala picha za ukutani. Lakini mtoto mdogo huweza kutazama video kumi akacheka zote, na ukimuuliza swali moja asijibu. Hujifunza anapotenda: anapoandika, anapokosea, anaposahihishwa. Vilevile, video moja inapoisha nyingine huanza yenyewe, na hiyo ya pili huenda haina uhusiano wowote na somo.

*Kigezo cha pili: Nani anafikiwa, nani anaachwa?*
Ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp huwafikia wazazi wengi kwa dakika moja. Lakini unamfikia mwenye simu janja, mwenye bando na mwenye mahali pa kuchaji. Tena simu ya nyumbani kwa kawaida ni ya baba au mama, naye huondoka nayo asubuhi kwenda shambani, sokoni au kazini. Mtoto huipata usiku akiwa amechoka, wakati mwingine chaji ikiwa imebaki kidogo.

*Kigezo cha tatu: Je, mtoto yuko salama?*
Hapa kuna mambo mawili. La kwanza ni yale yanayomfikia mtoto: picha zisizofaa, matusi, na watu wazima wanaojifanya watoto. La pili ni yale yanayotoka kwa mtoto: picha yake akiwa na sare yenye jina la shule, matokeo yake ya mtihani, namba ya simu ya mama yake. Mwalimu anayebandika kwenye kundi orodha ya matokeo ya darasa zima, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, huenda ana nia njema, lakini amemwaibisha mtoto wa mwisho mbele ya watu wazima wa mtaa mzima.

4. Mfano hai

Nikupe mfano kutoka nyumbani kwangu, kisha tuone namna ya kuugeuza kuwa hoja.

Shule zilipofungwa mwaka 2020, mwanangu alikuwa darasa la pili. Mwalimu wao alikuwa akituma kwenye kundi la wazazi picha ya ukurasa wa hesabu kila asubuhi. Nilikuwa nampa mwanangu simu, anatazama, anasema, "Nimeona," nami naendelea na shughuli zangu. Siku ya tatu jioni mtoto wa jirani, wanayesoma naye darasa moja, akaja mlangoni na daftari lake. Mama yake ana simu ya kitochi.

"Shikamoo, mwalimu. Leo wametuma nini?"

"Marahaba. Hata ya juzi hujaipata?"

"Sijaipata."

Mimi ni mwalimu, na siku mbili nzima sikuwa nimemkumbuka. Tangu siku hiyo nikawa nanakili zoezi kwenye karatasi, naye analifanya daftarini na kuniletea nisahihishe. Wiki ya pili nikawapima wote wawili kwa kutoa namba kwa kukopa. Mtoto wa jirani alipata zote isipokuwa moja. Mwanangu, ambaye simu ilikuwa mkononi mwake kila siku, alikosa zaidi ya nusu. Kosa halikuwa lake. Nilikuwa nimempa simu bila kumpa mwalimu, na mwalimu alikuwa amekaa chumba cha pili.

Katika darasa lile walikuwamo watoto wengine wenye wazazi wa simu za kitochi, na si wote walikuwa na jirani wa kugongea mlango. Hao ndio unaopaswa kuwakumbuka unapoandika neno "tathmini".

Sasa igeuze habari hii kuwa hoja. Katika insha ya hoja hatusimulii kwa nafsi ya kwanza, hatusemi "jirani yangu". Tunachukua funzo: *mtandao hufikisha zoezi, lakini anayemfanya mtoto ajifunze ni mtu anayekaa naye na kumsahihisha, na asiye na simu huachwa nyuma ikiwa zoezi halipatikani kwa njia nyingine.* Hapo umepata vigezo viwili kwa sentensi moja, nawe pia unao mfano wako mtaani kwenu.

5. Umbo la hoja moja

Kila aya ya kiini iwe na sehemu nne:

1. *Tamko*: sentensi moja inayotaja hoja.
2. *Ufafanuzi*: kwa nini ni hivyo?
3. *Mfano*: jambo halisi.
4. *Hukumu*: je, kwa kigezo hiki mitandao imefaulu, imeshindwa, au imefaulu kwa sharti?

Sehemu ya nne ndiyo inayofanya insha iwe ya tathmini. Bila hiyo umeeleza tu.

6. Insha ya mfano

MITANDAO YA KIJAMII NA MWANAFUNZI WA SHULE YA MSINGI

Mitandao ya kijamii ni programu za intaneti zinazowawezesha watu kutumiana na kujadili maandishi, sauti, picha na video. WhatsApp, YouTube na Facebook ni baadhi yake. Insha hii inatathmini mitandao hiyo kama zana ya kujifunzia kwa wanafunzi wa shule za msingi kwa kuangalia uwezo wake wa kufundisha, watoto wanaofikiwa na usalama wao.

Kwanza, mitandao hii ina uwezo wa kufundisha yale ambayo ubao hauwezi kuyaonesha. Mtoto anayesoma mzunguko wa damu akitazama video inayoonesha moyo ukisukuma damu huelewa haraka kuliko akisoma maelezo matupu. Hata hivyo, kutazama si kujifunza. Mtoto hujifunza anapojibu swali, akakosea na kusahihishwa, na kazi hiyo huhitaji mwalimu au mlezi aliye karibu.

Pili, mitandao huunganisha shule na nyumbani. Shule zilipofungwa Machi 2020 kutokana na UVIKO-19, baadhi ya walimu walituma mazoezi kupitia makundi ya wazazi ya WhatsApp. Lakini njia hiyo iliwafikia wenye simu janja na fedha za bando tu. Mtoto ambaye nyumbani kwao kuna simu ya kitochi, au umeme wa shida, aliachwa nyuma bila kosa lake.

Tatu, kuna suala la usalama. Facebook, Instagram na TikTok haziruhusu mtu aliye chini ya miaka 13 kufungua akaunti ya kawaida, na wanafunzi wengi wa shule za msingi hawajafikia umri huo. Mtoto anayedanganya umri ili ajiunge huweza kukutana na picha zisizofaa, matusi na watu wazima wenye nia mbaya. Ulinzi wa kweli hupatikana akaunti inapokuwa ya mzazi na simu ikiwa mkononi mwake.

Kwa kuhitimisha, mitandao ya kijamii ni zana nzuri ya kujifunzia kwa wanafunzi wa shule za msingi pale tu inaposimamiwa na mtu mzima, na pale somo lenyewe linapopatikana pia darasani kwa wasio na simu. Mtoto akiachiwa simu peke yake, hasara huzidi faida. Hivyo, walimu waitumie mitandao kuliongezea somo nguvu, wazazi wakae karibu na watoto wao, na shule zihakikishe kuwa kila zoezi linalotumwa mtandaoni linaandikwa pia ubaoni.

7. Kwa nini insha hii inafaa?

Ina takribani maneno 280, kwa hiyo iko ndani ya mipaka ya swali. Utangulizi unatoa maana na kutaja vigezo vyote vitatu, na aya za kiini zinavifuata kwa mpangilio uleule. Aya mbili za kwanza za kiini zinaanza na upande mmoja, kisha neno kama *hata hivyo* au *lakini* linamgeuza msomaji kuelekea hukumu. Hitimisho halisemi "mitandao ina faida na hasara zake". Linasema inafaa lini na haifai lini. Mapendekezo yake yanatokana na hoja zilizotangulia, hakuna jipya lililochomekwa mwishoni.

Usiikariri. Msahihishaji akikutana na insha moja katika vijitabu ishirini, anajua. Kariri vigezo, kisha andika kwa maneno yako na mifano yako.

8. Makosa ya mara kwa mara

(a) *Kubuni takwimu.* "Asilimia 90 ya watoto wameharibiwa na mitandao." Nani amehesabu? Kama huna takwimu ya kweli, andika "baadhi" au toa mfano.

(b) *Kulaumu badala ya kupima.* Insha inageuka mahubiri: mitandao imeharibu maadili, watoto hawasikii, dunia imeisha. Swali linauliza kuhusu kujifunza.

(c) *Lugha ya mtaani.* "Kuposti" andika *kuweka mtandaoni*. "Kushea" andika *kusambaza*. "Gruup" andika *kundi*. Epuka pia wingi usio sahihi kama "mashule" na "masimu". Wingi wa *shule* ni *shule*, na wa *simu* ni *simu*.

(d) *Upatanisho wa kisarufi.* "Mitandao ya kijamii inasaidia" ni sahihi. "Mitandao ya kijamii zinasaidia" si sahihi, kwa kuwa *mtandao* uko katika ngeli ya U-I.

(e) *Kuogopa kuwa na msimamo.* Watahiniwa wengine hudhani wakichagua upande watamkera msahihishaji. Hakuna upande uliokatazwa. Unaweza hata kuhukumu kwamba mitandao haifai kabisa kwa watoto wa shule za msingi, mradi hoja zako zibebe hukumu hiyo.

9. Zoezi

1. Taja tofauti moja kati ya intaneti na mitandao ya kijamii.
2. Sahihisha sentensi hii: *Mitandao mengi za kijamii zinafanya watoto wa mashuleni wasisome.*
3. Andika aya moja yenye sehemu nne (tamko, ufafanuzi, mfano, hukumu) kuhusu mwalimu kuweka picha za wanafunzi wake mtandaoni.
4. "Wanafunzi wa shule za msingi waruhusiwe kwenda na simu shuleni." Jadili kauli hii kwa insha yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300.

*Vidokezo vya majibu*

Swali la 1: Intaneti ni mfumo wa kuunganisha vifaa, mitandao ya kijamii ni huduma zinazotumia mfumo huo ili watu wawasiliane.

Swali la 2: *Mitandao mingi ya kijamii inafanya watoto wa shule wasisome.* Baada ya kuisahihisha sarufi, jiulize pia kama kauli yenyewe ni ya kweli kwa watoto wote.

Swali la 3: Upande mmoja kuna furaha ya mtoto na wazazi kuona kazi ya darasani. Upande wa pili kuna faragha na ridhaa ya mzazi. Usisahau hukumu.

Swali la 4: Tumia vigezo vilevile vitatu. Hapa mtoto yuko na simu bila mzazi, na mwalimu mmoja ana darasa zima la kusimamia. Onesha jinsi jambo hilo linavyobadilisha hukumu yako.

10. Neno la mwisho

Ukimaliza zoezi, fanya jaribio moja nyumbani. Mchukue mdogo wako au mtoto wa jirani aliye shule ya msingi, mtazame pamoja video fupi ya somo, kisha izime na umuulize maswali matatu. Kesho yake, muulize tena. Kama kwenu hakuna simu janja, msomee ukurasa wa kitabu kwa njia hiyohiyo. Andika alichokumbuka na alichosahau. Mfano huo utakuwa wako, na siku ya mtihani utauandika bila kutafuta maneno.